Waya wa Breki

Mikono yangu inakumbuka.
Nipe mnyororo gizani, nitakuonyesha pingili iliyolegea.
Nipe waya wa breki niliofunga mimi,
nitaujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe
kutoka chumba cha pili.

Ncha naiziba kwa tone la risasi,
kisha naikunja mara mbili, kushoto, halafu kulia,
nyuzi zisichanuke, zisimchome mtu kidole.
Sikonge nzima hakuna mwingine anayekunja hivyo.
Nilikuwa nikijisifia.

Lugendo alianza kuja masika ya mwaka juzi.
"Zile mbovu, fundi, zilizomaliza kazi."
Mia mbili kwa moja. Za klachi ya pikipiki, mia tano,
kwa kuwa ni ndefu, na hazina huruma.
Hakusema huruma. Alisema, "Hazikatiki."
Sikuuliza. Muuza kamba haulizi
kama ni ya mbuzi au ya shingo.
(Msemo huo niliutunga mwenyewe, usiku, nipate kulala.)

Na tuseme kweli:
nyama kavu ilipita hapa kijiweni ndani ya magunia ya mkaa.
Kalunde aliiunga kwa karanga,
watoto wakalamba vidole, na mimi nikaongeza ugali.

Ila waya haubagui.
Haujui pofu, haujui palahala.
Unaning'inia tu njiani,
kimya kama deni.

Jumatatu askari wa wanyamapori walileta pikipiki ya pancha.
Mmoja wao, binti, Nyamizi Igunda,
akaweka mezani kwangu, kati ya spoku na gundi,
waya wenye manyoya.

Simba jike, akasema, ng'ambo ya mto Ugalla.
Ulikuwa umezama shingoni miezi, nyama imeota juu yake.
Hakuweza tena kukimbiza nyati, akahamia kwa ndama wa watu,
na watu wakaunyunyizia mzoga wa ndama
zile punje za zambarau.
Akala. Fisi wakala.
Tumbusi arobaini na mmoja walilala pale
kama miavuli iliyovunjwa na upepo.
"Nimewahesabu mwenyewe," akasema.
"Chuchu zake zilikuwa na maziwa. Watoto hatujawaona."

Simba mwendapole ndiye mla nyama.
Alikwenda pole, mama wa watu,
na waya ukamla.

Nikaishika ncha.
Tone la risasi.
Kushoto, halafu kulia.

"Unaufahamu?"
Alikuwa akiuliza mafundi wote, kuanzia Tutuo mpaka Ipole.
Nikabandika kiraka. Nikakikandamiza kwa dole gumba,
muda mrefu kuliko kinavyohitaji.
"Waya ni waya," nikasema.

Nilipokuwa mdogo, aliyeua simba alitembezwa
nyumba kwa nyumba, uso umepakwa unga,
akitunzwa kuku, akitunzwa shuka,
na hata waliomwogopa walijua jina lake.
Huyu nani atatembezwa kwa ajili yake?
Lugendo? Mwenye ndama? Aliyeuza punje?
Au wale wanaokata miyombo usiku
kulisha mabani ya tumbaku,
hata pori likabaki ukanda mwembamba, kama mkanda wa suruali,
ambamo simba na mitego lazima wapishane?
Au mimi, nicheze na spana mkononi?

Zamani tukilala tulimsikia kwa mbali,
na baba akikaza komeo, tukasogeleana.
Sasa kinachonguruma usiku
ni mashine ya kusaga, na ikizimwa,
hakuna anayemsogelea mwenzake.

Alhamisi Lugendo alikuja.
Nikamwambia zimekwisha.
Akalitazama debe. Limejaa.
Akanitazama mimi.
Akaondoka akipiga mluzi; mafundi wako wengi.

Jioni nikafunga waya mpya kwenye baiskeli ya mwalimu.
Ncha nikaiziba.
Mikono ikataka kukunja.
Nikaizuia.

Kesho itamchoma kidole,
atakuja kuniuliza
siku hizi nimekuwaje.